Bei ya Kwenye Bango, Bei ya Kwenye Proforma

Barua za mwezi huu karibu zote zimeuliza jambo moja. Mtu ameona tangazo la motokari mpya kwa bei nzuri, amekwenda dukani, na kule kwenye proforma, yaani karatasi ya bei ambayo duka linakuandikia kabla hujalipa, bei imegeuka. Tumechagua saba kutoka Lubumbashi. Majina tumeyaacha, kartie tumezibakiza.

Wahariri, kwenye bango la barabara ya Kasenga nimeona pikapu ya milango minne, mpya, dola 31,900. Feza hizo nimezikusanya miaka mitano kwa kuuza samaki na unga wa mahindi. Kufika dukani nikapewa karatasi ya dola 41,000. Muuzaji anasema bango halikusema bongo, ni mimi sikusoma. Je, ile bei naweza kuipata? (Mama wa Ruashi)

Mama, tumeisoma karatasi yako mstari kwa mstari. Dola 31,900 kavu hutaipata, lakini 41,000 nayo usiilipe. Bei yako ya pikapu yenyewe iko karibu na 37,000, na kuifikia si kazi ya kubembeleza, ni kazi ya kalamu.

Pembeni ya tarakimu kubwa za bango kuna herufi mbili ndogo: HT. Maana yake kodi haijatiwa. Tangu tarehe 1 Januari 2012 Congo inatoza TVA, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16. Asilimia 16 ya 31,900 ni 5,104, na jumla inakuwa 37,004. Hapo usipoteze nguvu kubishana, kwa sababu muuzaji hana ruhusa ya kukusamehe kodi ya serikali. Anachoweza kufanya ni kushusha bei yake ya HT, na kila dola 100 anayoishusha inakupunguzia wewe 116. Kwa hiyo ukiomba punguzo, liombe kwenye mstari wa HT, si chini kabisa kwenye jumla ambako atalizungusha.

Tangazo likiandikwa TTC, kodi imo ndani tayari. Likiandikwa kwamba motokari iko «sous douane», hiyo ni habari nyingine kabisa: ushuru wa kuingiza haujalipwa, na TVA ya duane itahesabiwa juu ya thamani ya motokari pamoja na ushuru wenyewe. Bei ya namna hiyo usiilinganishe na ya HT wala ya TTC kabla duka halijakuandikia gharama ya kuitoa.

Sasa zile 3,996 zilizobaki. Karatasi yako iko na mistari minne: maandalizi 450, kifurushi cha vifaa 1,250, plaki na karte roze (karatasi ya usajili) 700, asiransi 1,596.

Maandalizi ni kuosha, kutoa plastiki za viti, kuchaji betri, kutia upepo kwenye tairi na kuangalia mafuta. Hakuna duka linalouza motokari mpya bila kufanya hayo, na bango halikuyataja. Sema hivi: «Maandalizi yamo ndani ya bei ya bango, naomba mstari ufutwe.» Mara nyingi mstari huu ndio wa kwanza kuanguka.

Kifurushi ni tapis, alarmu, filamu ya vioo na kuchora namba kwenye vioo. Uliza swali moja: vimeshafungwa au bado? Kama bado, huvitaki, kwisha. Kama vimeshafungwa, jibu ni kwamba tangazo liliuza pikapu bila vitu hivyo, wao ndio waliochagua kuvifunga. Watakuambia haviwezi kutolewa. Visitolewe basi, vibaki bure. Alarmu na tapis utavipata mjini kwa fundi unayemwamini, kwa feza ndogo zaidi ya hizo.

Mstari wa plaki na karte roze umechanganya vitu viwili: haki ya serikali na mshahara wa kijana anayezunguka kwenye mabiro. Omba ugawanywe mara mbili. Sehemu ya serikali utailipa kwa risiti yenye jina lako. Sehemu ya kijana mnaweza kuongea, au uifuatilie mwenyewe.

Asiransi ndipo wengi wanalipa bila kufikiri. Ya kuwafidia watu utakaowagonga ni ya lazima, na bila yenyewe usitoke hata getini. Lakini tangu sheria ya 2015 SONAS, kampuni ya asiransi ya serikali, si kampuni pekee tena, na tangu 2019 kampuni nyingine zinafanya kazi. Duka halina haki ya kukuchagulia. Kusanya bei tatu, kila moja iseme wazi kama ni ya wahanga tu au ya hasara zote, na kama kuna kiasi utakachobeba mwenyewe motokari ikiharibika.

Kabla ya kurudi dukani, piga picha ya bango lote, na maandishi madogo ya chini yasomeke. Kama tangazo liko kwenye simu, hifadhi picha yake na tarehe ionekane, maana kesho linaweza kufutwa. Kisha tuma ujumbe kama huu, kwa barua pepe au WhatsApp ya duka lenyewe, usitume kwa namba ya binafsi ya muuzaji:

«Tangazo lenu la tarehe fulani linaonyesha pikapu ya milango minne kwa dola 31,900 HT. Naomba proforma ya motokari moja iliyoko Lubumbashi, yenye namba ya chasi, mwaka wa kutengenezwa, jina kamili la toleo, rangi, bei HT, TVA, bei TTC, kila gharama nyingine kwenye mstari wake, siku ya kukabidhi, na maneno kwamba bei haibadiliki mpaka tarehe fulani. Nikikubali nitalipa kwa benki ndani ya siku tano za kazi.»

Kila neno hapo liko na kazi yake. Namba ya chasi inaifunga bei kwenye chuma kimoja kinachoonekana. Bila hiyo, bei ni ya picha. Siku tano za kazi zinamwambia muuzaji kwamba hauji kutembea tu. Na ukiandika wiki ya mwisho ya mwezi unaongeza nafasi, kwa kuwa wauzaji wengi wako na idadi wanayopaswa kuifikia kabla mwezi haujafungwa.

Proforma ikija, ipeleke nyumbani. Usitie sahihi siku hiyo hiyo, hata ukiambiwa kuna mwingine anasubiri nje.

Yaya zangu, mimi nilifuata jeep ndogo ya dola 17,500 TTC. Kufika wananiambia ya ofa imeuzwa jana, imebaki ya dola 22,900. Ni mchezo? (Kijana wa Katuba)

Ndugu mdogo, inaweza kuwa mchezo, inaweza kuwa kweli. Maneno «mpaka stoki iishe» kwenye tangazo yanaweza kumaanisha motokari thelathini, yanaweza pia kumaanisha moja. Usipoteze siku kutafuta nani anadanganya. Uliza maswali matatu.

La kwanza: hiyo iliyouzwa imelipwa yote, au imewekewa tu alama? Wateja wengi huweka jina na hawarudi na feza. Ikiwa haijalipwa yote, omba uandikwe wa pili, kwa proforma yenye chasi ile ile, itakayoanza kufanya kazi siku wa kwanza akishindwa.

La pili: mnaweza kuagiza nyingine kwa bei ile ile? Wakikubali, andikisha tarehe ya mwisho ya kukabidhi mjini hapa, si tarehe ya meli kufika Dar es Salaam. Kati ya bandari ile na Kasumbalesa kuna mizani, mipaka na foleni ambazo si mzigo wako.

La tatu: kuna ya mwaka uliopita, au ya kuonyeshea wateja? Hizo mara nyingi zinashuka bei vizuri. Ila ya kuonyeshea imekwisha kuendeshwa na watu wengi, kwa hiyo iandikwe hivyo na garanti ianze siku unayoichukua wewe.

Ukiambiwa iko moja Kinshasa, omba kwanza bei ya kuifikisha Lubumbashi kwa maandishi. Usafiri wa kutoka kule ni mrefu na ghali, unaweza kumeza punguzo lote.

Kuhusu ile ya 22,900: tofauti ni dola 5,400, na lazima ujue umenunua nini. Omba karatasi za matoleo mawili uziweke sambamba. Mara nyingi utaona giaboksi ya otomatiki, skrini kubwa, rimu za alumini, mifuko ya hewa sita badala ya miwili. Mifuko ya hewa na breki za ABS, zile zisizofunga magurudumu ukikanyaga kwa nguvu, tunazitetea kwa moyo wote. Kama toleo la chini halina ABS, usilinunue hata kwa bei ya ofa. Skrini utaishi bila hiyo. Rimu kubwa za alumini zenye tairi nyembamba, kwenye mashimo ya Katuba wakati wa mvua, ni hasara: rimu ya chuma ikijikunja inagongwa na kunyooka, ya alumini inapasuka, na ubavu mwembamba wa tairi unakatwa kwenye ukingo wa shimo. Toleo la chini hapo linakufaa zaidi kwa kweli.

Nililipa dola 2,000 kwa motokari ya dola 19,800. Risiti yangu imeandikwa «avance». Wiki sita zimepita, sasa wananiambia usafiri umepanda, niongeze 1,400. Sheria inasema nini? (Mwalimu wa Kamalondo)

Mwalimu, mikataba Congo inaongozwa na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, na kifungu cha 33 kinasema mapatano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa walioyafanya. Mauzo nayo yanakamilika pale wawili wanapopatana juu ya kitu na bei, hata kama kitu hakijatolewa na bei haijalipwa yote. Kwa hiyo swali kubwa ni moja: kuna karatasi inayotaja kitu na bei?

Risiti yenye neno «avance» na 2,000 peke yake ni dhaifu. Inathibitisha kwamba ulitoa feza, haisemi kwa ajili ya nini. Itafutie ndugu zake: proforma ya 19,800, ujumbe wa WhatsApp ambamo muuzaji alikubali bei, picha ya tangazo, karatasi ya benki. Angalia pia muda wa proforma. Kama iliandikwa kuwa inafanya kazi siku 30 na ulilipa ndani ya siku hizo, uko imara. Kama ulilipa baada ya muda kwisha, wana la kusema.

Kisha kuna tofauti ambayo neno «avance» linaificha. Feza ya kutanguliza inaweza kuwa «acompte», yaani kipande cha bei: umefungwa na wao wamefungwa, hakuna wa kutoka bila kuwajibika. Inaweza pia kuwa «arrhes», yaani feza ya kujifungulia mlango: mnunuzi akirudi nyuma anaipoteza, muuzaji akirudi nyuma anairudisha mara mbili, kwako ingekuwa 4,000. Risiti isipotaja moja ya hayo, mahakama itatafuta nia yenu kwenye karatasi nyingine.

Cha kufanya wiki hii: andika barua ya ukurasa mmoja, nakala mbili, na ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Taja proforma, siku uliyolipa, na uwape siku nane wachague: wakabidhi motokari kwa 19,800, au warudishe feza yako. Usiongeze hata dola kumi huku mkibishana, maana nyongeza hiyo itasomwa kama umekubali bei mpya. Siku nane zikipita kimya, mpelekee mwanasheria faili lote. Barua yenye muhuri mara nyingi inamaliza mambo kabla ya hapo.

Kwa wasomaji wengine: risiti ya kutanguliza iandikwe «acompte ya dola 2,000 kwa motokari yenye chasi namba fulani, bei ya mwisho TTC 19,800 isiyobadilika, ya kukabidhiwa Lubumbashi kabla ya tarehe fulani, la sivyo feza irudishwe yote». Sentensi moja tu.

Motokari inaitwa «0 km», bei ni nzuri kuliko duka lolote, lakini kwenye dashibodi inasoma kilometa 2,140. Tairi nazo zinaonekana kuchoka. Ni mpya au si mpya? (Baba wa Kampemba)

Baba, kilometa 2,140 zinaongea. Kutoka Dar es Salaam kupita Tunduma na Zambia mpaka Kasumbalesa, kisha mjini, ni karibu kilometa 2,000. Motokari hiyo haikubebwa juu ya lori, imekuja kwa magurudumu yake. Si kosa la kuikimbia, lakini shofere wa safari alikuwa na haraka, na injini ilikuwa bado changa. Bei iteremke kwa sababu hiyo, na kabla ya kuichukua wabadilishe mafuta ya injini na chujio lake kwa gharama yao.

Sasa tujue umri. Inama kwenye tairi, tafuta neno DOT ubavuni. Mwishoni mwa mstari kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Zikisoma 3522, tairi ilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2022. Tarakimu hizo mara nyingi ziko upande mmoja tu. Usipoziona nje, lala chini uangalie upande wa ndani. Soma tairi zote tano, na ile ya akiba imo. Zikitofautiana wiki chache ni kawaida. Moja ikiwa ya mwaka mwingine kabisa, kuna tairi iliyobadilishwa, na lazima waeleze kwa nini.

Namba ya chasi iko na herufi na tarakimu 17, na ndani yake hutakuta I, O wala Q. Kwa watengenezaji wengi ya kumi ni mwaka wa modeli: P ni 2023, R ni 2024, S ni 2025. Si wote wanafuata hivyo, kwa hiyo isome pamoja na kibati kilicho kwenye nguzo ya mlango na tarehe za tairi. Mwanzo wa namba unaonyesha ilikotoka. Hilux inayoanza na AHT imetoka Afrika Kusini, kiwanda cha Durban. Inayoanza na MR0 imetoka Thailand. Namba iliyochongwa kwenye chuma, ya kwenye kibati, ya kwenye kioo cha mbele, na ya kwenye karatasi za duane zifanane zote, herufi kwa herufi. Usikubali «ni kosa la kuandika tu». Kosa hilo litakufuata mpaka kwenye karte roze.

Motokari iliyosimama miaka miwili kwenye uwanja inazeeka bila kutembea. Betri ikipumzika isome karibu volti 12.6, ikiwa chini ya 12.4 haijachajiwa vizuri, na betri iliyolala bila chaji miezi mingi haiponi, omba mpya. Mafuta ya breki yanavuta unyevu, baada ya miaka miwili yanabadilishwa. Tairi zilizosimama pahali pamoja zinapata bapa, utausikia usukani ukitetemeka kwenye mwendo. Inua kifuniko cha injini utafute mavi ya panya na nyaya zilizotafunwa.

Na kwa nini bei ni nzuri kuliko duka lolote? Mara nyingi ni kwamba motokari imepitia Dubai au Ulaya, haikupita kwa mwakilishi wa chapa hapa nchini. Ni motokari ya kweli, ila garanti yake inaweza isiheshimiwe Congo. Usiridhike na kitabu cha garanti. Omba barua ya mwakilishi wa chapa yenye chasi yako, inayosema garanti inaanza siku gani na inaisha kwenye kilometa ngapi. Ikiwa ni ya mazutu na imejengwa kwa ajili ya Ulaya, fungua mlango wa tangi: ukikuta kifuniko cha bluu pembeni ya kile cha mazutu, iko na mfumo wa AdBlue, maji ya kusafisha moshi, na karibu hakika iko na chujio la moshi. Chujio hilo linataka mazutu yenye salfa kidogo sana. Ukitumia mazutu yenye salfa nyingi linaziba, taa inawaka, injini inakataa nguvu, na bei ya chujio jipya inakula punguzo lote ulilofurahia.

Duka linauza kwa mkopo wa asilimia 0: natoa dola 6,000, halafu 1,000 kila mwezi kwa miezi 24. Jumla 30,000. Ofa hii ni ya kweli? (Muuguzi wa kartie Golf)

Dada, uliza swali moja: nikilipa yote leo, ni kiasi gani? Tuseme watajibu 27,000. Basi umetoa 6,000, umekopeshwa 21,000, unarudisha 24,000. Zile 3,000 ni riba, na kwa sababu deni linapungua kila mwezi, hesabu inatoka karibu asilimia 13 kwa mwaka. Inaweza kuwa riba nafuu kuliko ya benki yako, ilinganishe tu kwa jina lake halisi. Wakijibu 30,000 hata kwa taslimu, basi sifuri ni sifuri, chukua.

Jihadhari na riba inayohesabiwa juu ya deni la mwanzo. Dola 18,000 kwa asilimia 12 namna hiyo, miaka mitatu, ni riba ya 6,480, na pamoja na deni lenyewe unalipa 680 kila mwezi. Hiyo ni sawa na karibu asilimia 21 kwa hesabu ya kawaida. Uliza pia gharama ya faili na asiransi ambayo benki itakulazimisha.

Shemeji anafanya kazi kwenye kampuni ya mgodi. Anasema anaweza kuniingiza kwenye bei yao ya motokari nyingi, tena bila ushuru. Nikubali? (Mfanyabiashara wa komuni ya Kenya, Lubumbashi)

Hapana, si kwa njia hiyo. Punguzo la motokari nyingi ni halali kwa kampuni inayonunua nyingi. Msamaha wa ushuru umepewa kampuni kwa kazi yake, haukupewa motokari. Ikipita mikononi mwako bila ushuru kulipwa, duane inaweza kuidai au kuikamata popote, na karte roze itabaki kwa jina la kampuni, kwa hiyo hata kuiuza hutaweza. Shemeji naye atapoteza kazi. Njia safi ni hii: watu watano au sita wanaotaka modeli moja, muende pamoja, muombe punguzo la wingi kwa proforma tofauti, kila mmoja na chasi yake.

Juu ya bei ya proforma tumeelewana. Naomba kujua namna ya kulipa nisipate shida ya mwisho. (Papa wa barabara ya Kipushi)

Papa, usibebe mfuko wa noti. Tangu sheria ya 2004 dhidi ya kusafisha feza haramu, malipo ya kuanzia dola 10,000 hayapiti mkononi, yanapita benki. Na kwenye kaunta, noti yenye mpasuko wa milimita mbili au alama ya wino inakataliwa, utajikuta umepungukiwa dola 300 saa ya mwisho.

Jina la akaunti lifanane kabisa na jina la kampuni lililo kwenye proforma, pamoja na namba yao ya RCCM (daftari la biashara) na namba ya kodi. Wakikupa akaunti ya mtu binafsi, simama. Wakitaka franka, andikeni kiwango cha siku hiyo kwenye proforma kabla hujalipa, maana kiwango cha benki na cha mtaani si kimoja. Uliza pia nani anabeba gharama ya kutuma. Duka likipokea dola 25 pungufu linaweza kushikilia motokari kwa dola 25.

Siku ya kuchukua, usitie sahihi ya kupokea kabla hujashika faktire ya mwisho yenye chasi na TVA, nakala ya deklarasio ya duane na risiti yake, barua ya garanti, jeki, spana ya magurudumu, tairi ya akiba na funguo zote mbili. Jaribu funguo ya pili mlangoni na kwenye injini, ukiwa bado ndani ya geti. Funguo zenye chipu ni ghali kutengeneza, na ya pili ikikosekana, mwenye kuitafuta awe duka, si wewe.